Tupigeni Hodi Tena: Wito kwa Watu wa Liwatoni na Kisiwa Kizima

Tarehe 1 Januari 2021 watu wa Mombasa walianza kuvuka bahari kwa miguu. Daraja la kuelea lilitoka hapa kwetu Liwatoni likaenda kutua Ras Bofu, upande wa Likoni, na mtu aliyezoea kusukumana kwenye feri tangu utotoni akajikuta anatembea juu ya maji, upepo wa Kilindini ukimpiga kifuani. Serikali ilitumia takriban shilingi bilioni 1.9, kampuni ya China Road and Bridge ikaliunga vipande kwa vipande, na katikati wakaacha sehemu ya kusogezwa kando meli zipate kupita. Tulipiga picha sana siku zile. Ila tusisahau lilikuja kwa sababu gani. Feri za Likoni hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na korona ilipoingia, umati ule uliobanana bega kwa bega ndio uliotisha wakubwa. Daraja lilijengwa ili tusikaribiane.

Nimelitaja daraja kwa kuwa wito wangu unahusu upande wa pili wa amri ile ile ya kutokaribiana. Tuliambiwa tuachiane nafasi, tukaachiana. Amri ilipoondolewa, feri zilijaa, misikiti ikajaa, Marikiti ikarudia kelele zake. Lakini wako watu walioingia ndani mwaka 2020 na mpaka leo hawajatoka. Baadhi yao tunapakana nao ukuta kwa ukuta. Na katika hao, wako wanaofikiria kujiua. Nalisema waziwazi kwa sababu kulizunguka hakujamsaidia hata mmoja wao.

Tukumbushane kidogo, maana watu husahau upesi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwatwanga kwa virungu na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa kwenye foleni ya feri wakirudi makwao Likoni. Kosa lao ni kwamba saa moja ya usiku iliwakaribia kabla feri haijawafikia. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6 ikawa zamu ya Mji wa Kale, siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Mtaa ulizungushiwa vizuizi tukiwa tumeingia kumi la pili la Ramadhani. Kuanzia Kibokoni hadi Kuze, mtu alifuturu na watu wa nyumbani kwake tu, na asiye na watu nyumbani alifuturu na redio. Tarawehe zilisaliwa sebuleni. Idi ikaja bila sala ya uwanjani, bila watoto kupita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idi. Kafyu yenyewe, mara saa moja, mara saa tatu, mara saa nne, haikuondoka hadi Oktoba 20, 2021. Karibu miezi 19.

Njaa ya miezi ile imezungumzwa sana, na ni haki. Hoteli za pwani zilifunga, vijana wa ufuoni wakarudi vijijini au wakajilaza vyumbani na deni la mkopo wa simu linalokua kila kukicha. Meli zilizopita mbele ya Liwatoni zilibeba mabaharia waliokatazwa kushuka. Mwishoni mwa 2020 duniani kote walihesabiwa wapatao 400,000 waliokwama melini, mikataba yao imekwisha na hakuna bandari inayowataka. Wasichana wetu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni walikwama huko, wengine bila mshahara. Hayo yote yameandikwa. Ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha ni habari ya kilio.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Matanga yakiwekwa nyumba hujaa, wanawake ndani, wanaume nje kwenye mikeka na viti vya kukodi, na jikoni kwa mfiwa moto hauwashwi kwa sababu majirani ndio wanaopika. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Asiyetujua huona kama kifungo, kumbe eda ya pwani ina watu tele: mashoga huja mchana na soga zao, mawifi huja jioni, mjukuu hulala ubavuni mwa bibi yake ili usiku usiwe mrefu. Dini ilimwamuru mjane atulie nyumbani, na jamii ikajua jinsi ya kumtuliza. Mwaka 2020 maziko yaliwekewa watu 15. Waliobaki walitazama kwa simu. Hitima zikaahirishwa, kisha zikasahauliwa. Wako wanawake wa kisiwa hiki waliozika waume zao, wakafunga mlango siku ile ile, na kilio chao hadi leo hakijaliliwa na watu. Wako na wanaume pia, na hao ni wagumu zaidi kuwafikia, kwa kuwa mwanamume wa hapa akiulizwa hali hujibu kwa kuulizia matokeo ya mpira.

Kuna jambo lililoshangaza wengi. Watafiti walipozitazama takwimu za nchi 21 za miezi ya mwanzo ya janga, hawakuona vifo vya kujiua vikipanda kama ilivyoogopwa. Kifo cha wengi harusi: mwanzoni dhiki ilikuwa ya kila mtu, simu zililia, jirani aligawa unga. Hatari huja wakati wengine wameshapona na wewe bado. Japani ilionyesha hivyo. Vifo hivyo vilipungua mwanzo wa janga, kisha kuanzia Julai 2020 vikapanda, na vilipanda zaidi kwa wanawake. Februari 2021 nchi ile ikateua waziri wa kushughulikia upweke. Waziri mzima! Kwetu wadhifa huo ulikuwa wa muuza kahawa, na hakulipwa na serikali.

Hapa Kenya, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilitoa hesabu ya watu 483 waliojiua katika miezi mitatu iliyoishia Juni 2021. Hao ni waliofika kwenye daftari la polisi. Familia nyingi husema marehemu aliugua ghafla, huzika, hunyamaza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua. Mwaka 2025 tume ya shirika hilo hilo ikasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na wala si wazee tu. Vijana wamo, tena wengi. Hesabu hiyo ipeleke kwenye mtaa wako. Kwenye ghorofa moja ya Ganjoni yenye watu 60, ni watu 10.

Sasa tutazame jambo tunalolifanya kila siku, nalo ni kuamkiana. Hujambo ami? Sijambo. Habari za nyumbani? Njema. Watoto? Hawajambo. Na afya? Alhamdulillah. Mtu huitika hivyo hata kama ametoka makaburini asubuhi hiyo. Ni adabu, na mimi siitaki iondoke. Lakini mwenye masikio anajua kwamba habari yenyewe huja baada ya hapo, na mara nyingi huanza na "ila". Njema, ila usingizi umenikataa. Njema, ila nimechoka na dunia. Njema, ila nikifa leo mtapumzika. Siku hizi tunaamkiana tukitembea, mkono kwenye simu, na hiyo ila inasemwa tumeshampa mtu mgongo.

Basi ninalokuombeni mwanzo ni hilo: simameni mpaka muisikie ila.

La pili ni gumu zaidi. Ukiisikia, uliza. Tuseme ni mzee wa ghorofa ya chini, aliyekuwa hakosi safu ya mbele alfajiri, sasa haonekani hata Ijumaa. Mkewe alifariki wakati wa korona. Wiki iliyopita alimpa kijana wa jirani saa yake ya mkononi, bure, na kwa muuza duka akalipa deni lote na kuomba asamehewe alipokosea. Watu wamemsifu. Wewe piga hodi. Nenda na kitu mkononi, hata mahamri mawili, kwa sababu mgeni mwenye kitu mkononi hana haja ya kueleza kilichomleta. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, kisha kaa.

"Ami, leo sina haraka. Nimekuja kukaa nawe."

"Karibu mwanangu. Mimi sijambo tu."

"Naona kama umetuhama."

"Ah, uzee huo."

Hapo wengi wetu huaga. Usiage. Nyamaza kidogo, kunywa chai, kisha sema kwa sauti ile ile ya kawaida: "Ami, mtu akizidiwa hufika mahali akataka kujitoa roho. Wewe umefika hapo?"

Najua swali hilo linavyotisha mdomoni. Tunaogopa kwamba tukiliuliza tutamtia mtu fikira ambayo hakuwa nayo. Haiwi hivyo. Wanaofanya kazi hii kila siku wanasema, na tafiti zinawaunga mkono, kwamba kuulizwa waziwazi hakumsukumi mtu. Mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu kwa mara ya kwanza siri hiyo ameibeba na mtu wa pili. Akisema hapana, atakucheka, mtakunywa chai, na atajua mlango wako uko wapi. Akisema ndiyo, usimkemee. Usimwambie astaghfirullah, wewe Muislamu gani, au kanisani hukufundishwa? Anajua kuwa ni haramu. Mtu anayejua hivyo na bado anafikiria, huyo amezidiwa na maumivu; mafunzo hakuyakosa. Usimhesabie neema zake wala usimlinganishe na wenye shida kubwa kuliko zake. Mwambie: nimekusikia, na usiku huu hulali peke yako. Kisha umlete mtu mwingine, mwanawe au ndugu yake au rafiki wa zamani, mkae zamu kwa zamu. Vitu vya hatari vilivyomo ndani viondoeni bila kelele. Na asubuhi mwende naye hospitali, mkono kwa mkono.

Hospitali ipo. Coast General pale Makadara ni mwendo mfupi kutoka mtaa wowote wa kisiwani, na Port Reitz ng'ambo ya Changamwe ndiko kwenye wodi ya magonjwa ya akili. Nchi nzima jina la hospitali ya akili ya Mathari limefanywa tusi, na sisi Mombasa tuna yetu tunayoyasema tukitaja Port Reitz. Tuache. Kijana akisikia jina la wodi likichekwa barazani, siku akilihitaji hatalitaja.

Kuna sababu nyingine iliyofanya watu wafiche, na hii haikuwa aibu tu. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai, na aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka 2. Fikiria hilo: mtu ametolewa kwenye mikono ya mauti, anaamka hospitalini, na askari amekaa mlangoni. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Habari hiyo ilipita magazetini siku mbili, na naona kama haikufika mitaani. Ifikisheni. Aliyenusurika si mhalifu, ni mgonjwa, na anayempeleka hospitali hamtii mikononi mwa polisi.

Kwenu maimamu na maustadhi wa kisiwa hiki, nina ombi la heshima. Mnajua kuliko mimi kwamba, kwa kauli ya wanazuoni wengi na kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, aliyejiua huoshwa, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Basi mbona nyumba yake husinyaa, matanga yakawa ya watu saba, na mama yake akapita njiani ameinamisha uso? Hotuba moja ya Ijumaa juu ya jambo hili, iliyosemwa kwa huruma, itaingia nyumba ambazo daktari hatazifikia. Na mapadri na wachungaji wa Likoni na Ganjoni nao, kila mmoja kwa mimbari yake. Nyumba iliyofiwa kwa njia hiyo ndiyo yenye hatari zaidi kufiwa tena. Ndiyo inayohitaji sufuria za majirani kuliko nyumba yoyote.

Nirudi kwa muuza kahawa, maana sikumtaja kwa mzaha. Jioni mtaani humsikia kabla hujamwona: vikombe vinagongana mkononi, dele lina makaa chini yake, kashata ziko kwenye kopo. Anapita baraza baada ya baraza. Anajua nani hajatoka tangu juzi. Anajua nani alikuwa akinywa vikombe vitatu na sasa hanywi hata kimoja. Anajua nani anacheza dhumna kwa hasira na nani ameacha kucheza. Hakuna mhudumu wa afya mwenye taarifa kama hizo, na hakuna anayemuuliza muuza kahawa.

Zimbabwe waliwauliza watu wa namna yake. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, nchi ikiwa na madaktari wa fani hiyo wa kuhesabika kwa vidole, aliwachukua bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulipangua tatizo moja baada ya jingine, akawakalisha kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Miaka kumi baadaye utafiti uliochapishwa ulionyesha kwamba waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuwashinda waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi hayo sasa yamefika nchi nyingine, hata Marekani. Na sisi je? Sisi mabenchi tunayo, ya mawe na chokaa, yamejengwa ukutani mwa nyumba kabla ya daktari huyo kuzaliwa. Tunachofanya ni kuyaziba kwa mageti na kuyageuza vibanda vya kuuzia kava za simu.

Kwa hiyo naiomba idara ya afya ya kaunti: wafundisheni wauza kahawa. Wafundisheni wenyeviti wa mabaraza, wanawake wa vyama vya kufa na kuzikana, viongozi wa wavuvi wanaoshusha samaki hapa Liwatoni, makondakta wanaosubiri abiria wa feri. Siku mbili zinatosha kumfundisha mtu mzima dalili za hatari, namna ya kuuliza, na pa kumpeleka mtu. Nchi ina mkakati wa kuzuia kujiua wa 2021 hadi 2026, unaosema vifo hivyo vipungue kwa asilimia 10. Mkakati uliokaa kwenye kabati la Wizara ya Afya haujui mzee wa ghorofa ya chini anaitwa nani.

Nanyi wenye mabaraza, msingoje kaunti. Yuko mtu aliyekuwa na nafasi yake barazani kwenu, pale pembeni, na nafasi hiyo ikazibwa na wengine bila ubaya wowote. Mnamjua. Jioni ya leo mmoja wenu amfuate, na asimwambie tumekuja kukuangalia, maana hakuna mwanamume atakayefungua mlango kwa neno hilo. Amwambie wachezaji wa bao wamepungua mmoja. Akikataa leo, kesho aende mwingine.

Nawe unayesoma haya, ukiwa ndiwe uliyezidiwa. Sikujui, na sitakuambia kwamba yatapita, kwa sababu umeshaambiwa hivyo na watu wasiojua unachokipitia. Nakuomba jambo dogo kuliko hilo: usiamue usiku huu. Ukizidiwa, toka chumbani ukakae mahali penye watu, hata kama ni kwenye kituo cha matatu hapo feri ambapo hakuna anayekujua. Mwandikie mtu mmoja kwamba unataka aje. Huna haja ya kueleza kwa nini. Na kama hakuna hata mmoja, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina watu wa kukusikiliza kwenye namba 1199, na Befrienders Kenya wako kwenye 0722 178 177. Aliye mtoto, au anayepiga kwa niaba ya mtoto, apige 116. Unaweza kusema kwa Kiswahili. Unaweza kunyamaza mwanzo mpaka upate pa kuanzia. Ukipiga 1199 hukatwi salio.